Mji wa kuazima katika insha za wanafunzi wetu

Mwezi uliopita nililala siku mbili Karungu, kwa rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Jioni ya kwanza, baada ya ugali na ngege wa kukaanga, alinisukumia bunda la insha za kidato cha tatu. "Si wewe ndiwe mhakiki? Basi nisaidie kusahihisha," akasema. Swali lilikuwa jepesi: waandike insha ya maelezo kuhusu mandhari ya mji wanaoufahamu. Insha zilikuwa 43.

Nilizisoma zote. 31 zilihusu Nairobi, saba Mombasa, nne Kisumu na moja, amini usiamini, Dubai. Katika Nairobi ya wanafunzi hawa majumba yote yanabusu mawingu. Magari ni mengi kama siafu. Wapita njia hawana hata muda wa kujuliana hali. Mombasa nako upepo mwanana unapepea minazi, na mawimbi yanaubembeleza ufuo. Nilimuuliza mwenzangu ni wangapi katika darasa lile wamewahi kufika Nairobi. Akahesabu kwa vidole, akakomea kidole cha tano.

Ajabu ni kwamba dirisha la darasa lao linatazama Sori.

Msomaji asiyeufahamu upande huo wa nchi aelewe kwamba Sori ndio mji wenyewe wa Karungu, ukingoni mwa ghuba, katika eneobunge la Nyatike, Kaunti ya Migori. Ukielekea kaskazini kwa kufuata ziwa unaingia Homa Bay, na milima ya Gwassi unaiona mapema kabla hujaifikia. Ukielekea kusini, unafika Muhuru na mpaka wa Tanzania. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla serikali ya kikoloni haijahamia Kisii, kituo chake cha utawala kilikuwa hapa. Kwa hivyo watu wa Karungu wameishi na mambo ya mji kabla ya miji mingi tunayoisifu leo.

Wapo watakaosema Sori si mji, ni soko tu la samaki. Hapo naomba tuitazame lugha yenyewe. Mji, kijiji na jiji ni maneno ya shina moja, -ji. Tukitia ki- ya udogo tunapata kijiji, tukitia ji- ya ukubwa tunapata jiji, kwa utaratibu uleule unaotupa mtu, kijitu na jitu. Waliotuachia lugha hii waliliona jambo moja katika vipimo tofauti: mahali ambapo watu wamekusanyika na kuanza kutegemeana, kuuziana, kudanganyana na kuzikana. Sori inatimiza hayo yote kabla ya saa nne asubuhi.

Niliteremka ufuoni siku ya pili, jua halijachomoza vizuri. Mitumbwi ilikuwa ikirudi mmoja baada ya mwingine, ubavuni imeandikwa majina kwa rangi ya mafuta: aya za Biblia, majina ya wachezaji wa Uingereza, majina ya akina mama waliofariki. Kina mama walio hai walisubiri majini hadi magotini, kila mmoja na karai lake. Omena zikishushwa zinapimwa kwa debe, huku wanabishana kama debe limejaa au limebonyea, kisha zinatandazwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, ufuo unang'aa fedha tupu. Nyuma yao vibanda: M-Pesa, mandazi, kinyozi, fundi wa injini za boti, kijana anayechaji simu kwa sola. Bodaboda zinapenya katikati ya nyavu bila kukanyaga samaki hata mmoja. Hiyo peke yake ni sanaa. Gari la Nairobi huondoka jioni, na mapema tu watu wameshaanza kuleta magunia, magodoro na kuku waliofungwa miguu.

Nikamkuta mama mmoja wa makamo akizigeuza omena zake kwa fagio. Nilipomwambia mimi ni mwalimu, akaniita japuonj na kuendelea na kazi yake. Alikuwa akitazama mbingu kuliko anavyonitazama mimi. Nikamuuliza anatafuta nini huko juu.

"Mvua," akasema. "Japuonj, mvua ikinyesha siku tatu hivi, hii yote inaoza. Unauzia watu wa chakula cha kuku. Na pesa ya mtu ulikopa iko pale tu."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Nimefundisha msemo wa kidagaa kumwozea mtu kwa miaka mingi. Nimeifundisha pia riwaya ya marehemu Ken Walibora, *Kidagaa Kimemwozea*, na kila mara nikifika kwenye anwani nawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba maana yake ni mambo kumwendea mtu kombo. Wananakili, tunasonga mbele. Sikuwahi kufikiri kwamba chini ya msemo ule kuna mtu, kuna mvua na deni. Dagaa na omena ni samaki yuleyule. Mwanafunzi wa Karungu anaijua maana ya msemo huu kuliko mimi na kuliko kamusi, kwa kuwa harufu ya maana hiyo imo kwenye sare yake ya shule. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba anachokijua ni Kiswahili.

Hapa sina budi kukiri jambo, maana makala haya yasingekuwa na maana nikijificha nyuma ya makosa ya wengine. Miaka 17 iliyopita nilikuwa nikifundisha upande huuhuu wa ziwa. Swali la insha lilikuwa karibu lilelile. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika kwamba kuna mji unaozaliwa usiku tu, na kwamba mwezi ukiwa mkubwa mji huo hauonekani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akizungumzia karabai za wavuvi wa omena. Wavuvi hawa huvua usiku wa giza. Huziwasha taa juu ya maji ili samaki wavutike kwenye mwanga, na mtu aliye ufuoni huona mistari ya taa kama mitaa. Akaandika kwamba mji huo una wenyewe, na wenyewe wanaitwa jaboya. Kwamba mama yake huusubiri mji huo ufike nchi kavu. Kwamba siku anazorudi na karai lililojaa, mama haimbi.

Kwa wasiojua, jaboya ni neno la Kiluo linalotumika ufuoni kwa mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Ni jambo lililoandikwa sana na watafiti wa afya, hasa kuhusiana na Ukimwi katika kaunti za ziwa. Msichana yule wa miaka 15 hakusema chochote kati ya hayo. Alisema tu mama haimbi.

Mimi nilifanya nini? Nilipiga mstari mwekundu chini ya "karabai", nikapiga mwingine chini ya "jaboya", nikaandika pembeni: "Ziwa si mji. Umetoka nje ya mada. Epuka maneno ya lugha ya mama." Nikampa saba kwa 20. Kisha nikamwazima kitabu cha insha za mfano. Insha yake iliyofuata ilikuwa na minazi na upepo mwanana. Nikampa 14.

Sijui la kufanya na kumbukumbu hiyo zaidi ya kuiandika hapa. Nilidhani ninamfunza Kiswahili kizuri. Kumbe nilikuwa nikimfunza kwamba mahali anapoishi hapafai kuandikwa.

Hoja yangu si kwamba minazi ni mibaya. Minazi ilikuwa mbele ya macho ya washairi wa Mombasa na Lamu, na wakaitumia kwa haki yao. Mchukue Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu takriban 1776 hadi 1840. Wahakiki wamezoea kumsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, yaani katika shughuli za kila siku za mji: fitina za watawala, mapenzi, njaa, biashara, kejeli za majirani. Aliutazama mji wake jinsi ulivyokuwa asubuhi ile, na kwa sababu hiyo bado tunamsoma. Sisi tunafanya nini na urithi huo? Tunaazima vitu alivyoviona badala ya kuazima macho aliyoonea. Mnazi wa Muyaka ukihamishiwa Karungu unakuwa pambo la plastiki.

Nadhani tatizo hili limekuzwa na namna tunavyosoma fasihi madarasani. Chukua hadithi ya Said Ahmed Mohamed inayobeba anwani ya mkusanyiko wa *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, ambao ulitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa kuanzia 2018. Kila mtahiniwa wa miaka ile anakumbuka Madongoporomoka, mtaa wa vibanda unaokodolewa macho na matajiri wa jiji. Anakumbuka na Jitu, lile pande la mtu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kumaliza vyakula vyote. Ukifungua mwongozo wowote utaambiwa Jitu ni ishara ya ubepari, ya unyakuzi wa ardhi, ya tamaa ya viongozi. Sawa kabisa. Lakini mbona hadithi hii inatisha, ilhali hotuba nyingi kuhusu unyakuzi wa ardhi zinatufanya tusinzie? Inatisha kwa sababu mwandishi amewahi kuketi katika mkahawa wa bei nafuu na kuutazama. Anajua kwamba katika mkahawa kama ule sufuria ikikauka, kuna watu watakaokosa chakula mchana huo, na watu hao wana majina na nafasi zao za kuketi. Ishara imesimama juu ya sufuria. Sisi walimu tunaharakia ishara na kuiacha sufuria jikoni, kisha tunashangaa wanafunzi wakituandikia ishara tupu.

Tamthilia ya Pauline Kea, *Kigogo*, iliyotahiniwa katika kipindi hichohicho, inatuonyesha jambo jingine. Sudi na wenzake ni wachongaji, na karakana yao imo katika soko la Chapakazi. Soko lenyewe ni chafu, watawala wanataka kulifunga, na wachuuzi ndio watakaoumia. Utawala unamtaka Sudi achonge kinyago cha shujaa aliyeteuliwa kutoka juu. Yeye anakataa na kuendelea na kinyago cha mtu anayemheshimu mwenyewe. Tumeandika karatasi ngapi za maswali kuhusu uongozi mbaya Sagamoyo? Nyingi mno. Ila sijaona hata moja inayouliza ni kwa nini mwandishi alimweka msanii wake sokoni, penye vumbi na kelele, wakati angeweza kumpa chumba kitulivu chenye dirisha. Mimi nalisoma hilo kama jibu la Kea kwa swali ambalo wanafunzi wa Karungu hawajawahi kuulizwa: msanii hukaa wapi?

Upande wa Kiingereza yuko mama mmoja ambaye wasomaji wa Kiswahili wangenufaika wakimjua. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaja Kenya 1954, akaolewa katika jamii ya Waluo na kuishi hapa hadi alipofariki 2015. Riwaya yake *Coming to Birth* ya mwaka 1986 inaanza na Paulina, msichana aliyetoka upande wa ziwa na kuteremka kwenye treni Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari. Haikuchukua muda akapotea njia mjini. Msomaji anapotea naye, anazunguka naye kwa miguu, anaogopa askari pamoja naye. Hakuna jumba linalobusu mawingu humo. Jiji linaonekana kutoka usawa wa miguu iliyochoka ya msichana asiyejua lugha ya watu. (Kiswahili, kwa njia, kina neno mji lenye maana ya tumbo la uzazi pia. Mtafsiri yeyote atakayejaribu anwani ya Macgoye ana zawadi hiyo mkononi.) Macgoye alikuwa mgeni mara mbili, kwa Waluo na kwa Nairobi, na labda ndiyo maana alitazama. Wenyeji tunadhani tumeshaona.

Ugeni unasaidia, siwezi kukataa. Karungu yenyewe ina mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1911 Mwingereza Felix Oswald alitumwa huko na jumba la makumbusho la London akatafute mabaki ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo, Deinotherium. Udongo ambao watu waliulimia mtama na kupitishia ng'ombe, yeye aliupekua kwa miezi kadhaa, na hatimaye akaandika kitabu kizima kuhusu safari ile. Mifupa ilikuwa palepale siku zote. Kilichoongezeka ni mtu wa kuinama.

Wanamuziki wa ziwa nao hawakuhitaji kuambiwa na mgeni. Gitaa la benga lilijifunza kudonoa nyuzi kutoka kwa nyatiti, kisha likaingia mjini. Nyimbo zikarekodiwa Nairobi zikiwa zimejaa majina ya watu halisi na vijiji halisi, kwa desturi ya kujisifu na kusifiana ambayo Waluo huiita pakruok. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Muhuru, alijenga jina lake juu ya msingi huo. Ayub Ogada alipoibeba nyatiti yake hadi London miaka ya 1980 na kuwapigia wapita njia, alikuja kuiita albamu yake ya mwaka 1993 *En Mana Kuoyo*, yaani ni mchanga tu. Mchanga! Mwanafunzi wetu ana mchanga huo ndani ya viatu vyake anapoandika kuhusu Dubai.

Na kama tunataka kielelezo katika Kiswahili chenyewe, hatuna haja ya kwenda mbali. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwa cha ziwa hilihili linaloilamba Sori. Diwani yake *Kichomi*, ya mwaka 1974, ilizua mabishano makali kwa sababu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Katika mabishano hayo tulisahau kuzungumzia jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi, kwamba mtoto wa wavuvi na wakulima wa bara alikataa kujifanya mtu wa pwani. Alitumia maneno ya kawaida na vitu vilivyomzunguka. Ukimsoma huko Ukerewe au huko Karungu humhitaji mtu wa kukuelezea mtumbwi ni nini.

Nilipomweleza mwenzangu haya yote usiku ule, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa namna ambayo bado inanisumbua. "Ni maneno mazuri," akasema. "Lakini huyu mtoto hahitaji kusomwa na wewe. Anahitaji alama. Msahihishaji wa KCSE ana karatasi mia kadhaa mbele yake, ameketi Nairobi, hajui jaboya wala gorogoro. Akiona upepo mwanana anajua mtoto amefundishwa. Wewe utamlipia karo ya chuo akikosa gredi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Upepo mwanana ni kama sare ya shule: haukufai sana kwa baridi, ila mlinzi wa lango anakufungulia. Mtoto wa maskini hawezi kufanyiwa majaribio ya kifasihi na mhakiki aliyekwisha kupata mshahara wake. Nilichomwambia ni kwamba msahihishaji huyo tulimfunza sisi. Mimi mwenyewe nilikuwa yeye, nikiwa na kalamu nyekundu na saba kwa 20. Kama neno omena lilivyopata njia hadi sokoni Gikomba na katika meza za watu ambao hawajawahi kuliona ziwa, gorogoro na jaboya nayo yanaweza kupata njia hadi katika insha, yakiandikwa vizuri na kuelezwa na muktadha. Usanifu wa lugha haujawahi kukataa neno lenye kazi. Hata karabai, nililolipigia mstari, limo katika kamusi. Nililikata kwa sababu tu sikutegemea kuliona pale.

"Basi tafuta humo moja inayostahili," akaniambia, akilisogeza tena lile bunda kwangu.

Nilikuwa nimeshazisoma, lakini nikarudia. Katika insha ya 28, ya mvulana mmoja, Nairobi ilikuwa ileile ya siafu na mawingu. Ila kabla ya kuifikia aliandika aya moja fupi, kama mtu anayepita tu kwenda kwenye kazi muhimu. Aliandika kuhusu utingo wa gari la usiku pale stendi ya Sori anayefunga magodoro juu ya paa kwa kamba za nyavu kuukuu. Alisema gari likifika Nairobi kamba hizo bado zina magamba ya samaki, na hivyo ndivyo watu wa Karungu wanavyotambua mizigo yao asubuhi katikati ya mizigo ya watu wengine.

Nikamsomea mwenzangu aya hiyo kwa sauti. Akanyamaza. Nje mwezi haukuwepo, na ziwani taa zilikuwa zimeanza kupanga mitaa yake. Siku hizi nyingi ni za betri na sola, nyeupe kuliko karabai. Akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alikuwa tayari ameipa 11 tangu mchana. Akaifuta kwa kalamu, akaandika nyingine juu yake, akaigeuza karatasi kifudifudi na kuchukua inayofuata.